Mtani Kwenye Mdomo wa Mashine

Wendelini Gama hafungi milango. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Karakana yake ya baiskeli pale Bombambili haina ukuta hata mmoja: nguzo nne, bati juu, basi. Kanisani husali akiwa amesimama mlangoni, jua limpige, mvua imnyeshee, na paroko alishachoka kumwita ndani. Nyumbani hulala dirisha wazi hata mwezi wa sita, baridi ya Songea inapong'ata mpaka kwenye mifupa, na mkewe Anjelika, masikini ya Mungu, amezoea kulala na sweta na soksi. Mambo haya yalianza utotoni kule Namtumbo. Watoto walikuwa wakicheza kujificha, yeye akajichimbia ndani ya bani la kukaushia tumbaku, mtu mzima mmoja akapita na kutia komeo bila kujua. Walimtoa jioni. Toka siku ile, akiingia mahali pafinyu pumzi inakata, jasho linamtoka chapachapa, na miguu inatafuta mlango yenyewe.

Watu walimcheka, naye akicheka nao. Haikuwa shida kwa mtu mpaka mguu wake wa kulia ulipoanza kufa ganzi.

Ganzi ilianzia kidoleni, ikapanda. Siku moja alikanyaga msumari karakanani, asijue mpaka alipoona damu. Hapo Anjelika akaacha kucheka. Daktari naye hakuzunguka: kuna kitu mgongoni kinabana mshipa wa fahamu, lazima apigwe picha ya MRI ndipo ijulikane pa kupasua, na akichelewa mguu hautarudi. Sasa jamani, fundi baiskeli asiye na mguu atajaribuje baiskeli ya mtu?

Akaenda. Alipoliona lile tundu la mashine, jeupe, refu, la kumtosha mtu na pumzi zake tu, alirudi kinyumenyume. Alikula kona akiwa na gauni la hospitali, lile lililo wazi mgongoni, akapita mapokezi, akaenda kusimama na vijana wa bodaboda getini. Mara ya pili alifika mpaka kitandani. Kitanda kilipoanza kusogea alipiga ukelele hata mgonjwa aliyekuwa akisubiri zamu yake naye akaondoka. Alirudi nyumbani, akakaa kibarazani, akamwambia mkewe, "Waniache na mguu wangu. Sirudi tena."

Anjelika hakubishana naye. Alijifunga kanga ya pili, akaenda moja kwa moja kwa Valence.

Valence Kalinga ni fundi cherehani. Kibanda chake kinatazamana na karakana ya Wendelini, na yeye ni Mhehe, Wendelini Mngoni. Kwa asiyejua, Mngoni na Mhehe ni watani. Mababu zao walipigana wakachoka, wakawaachia wajukuu kazi ya kutukanana. Mtani atakusema mbele ya wakwe zako, Mngoni akiitwa mla panya na Mhehe mla mbwa, na kukasirika ni marufuku. Ukifa, yeye ndiye atakayejilaza kwenye njia ya jeneza lako akiiga unavyokoroma, mpaka wafiwa wacheke. Sharti ni moja: ukitupiwa neno, ujibu. Asiyejibu ameshindwa, na mtaa mzima utajua kabla ya chakula cha mchana.

Valence alivuka barabara, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mngoni! Nasikia umekimbizwa na kitanda."

"Niache, Mhehe."

"Babu zako walitoka kwa Wazulu kwa miguu, wakipiga kila waliyemkuta njiani. Leo mjukuu wao ameshindwa kulala chali?"

"Kalale wewe."

"Sina ugonjwa, ningelala. Mimi nataka kuona tu, nije nihadithie vizuri. Twende."

Wendelini angekataaje? Kukataa mbele ya mtani ni kujichimbia shimo. Asubuhi yake wakaondoka pamoja.

Mtaalamu wa picha alikuwa dada mmoja wa Tunduru aitwaye Saada, mpole wa sauti lakini si mtu wa kuchezewa. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia, kisha akasema msindikizaji anaweza kuingia chumbani mradi asiwe na chuma. Ebo! Ukosi wa shati la Valence ulikuwa na pini safu nzima, mfukoni sindano, na kwenye kofia nyingine mbili.

"Lahaula, baba!" Saada akashika kichwa. "Hii mashine ni sumaku. Ungeingia hivi, hizo pini zingeruka na wewe."

Pini zikatolewa. Wendelini akazibwa masikio, akapewa kipira cha kubonyeza akizidiwa, akalazwa. Kitanda kikamwingiza kuanzia kichwani mpaka kiunoni, miguu ikabaki nje. Dari lilikuwa pale pale puani. Harufu ya tumbaku ikamjia, ya miaka yote ile, na pumzi ikaanza kukata.

"Valence!" akaita. "Umeondoka?"

"Nipo! Nimekushika mguu!"

"Mwongo! Sisikii mkono wowote!"

"Nimeshika wa kulia!"

"Huo si ndio uliokufa ganzi, mjinga wewe! Shika wa kushoto!"

Mkono ukahamia kushoto, wa moto, wenye sugu za mkasi. Wendelini akapumua. Lakini Valence, alivyo, akafungulia utani kama bomba la maji, na Wendelini akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Sauti ya Saada ikaingia kwa kipaza sauti kutoka chumba cha pili: picha imeharibika, mgonjwa asicheke, na baba yule mwingine anyamaze au atoke. Valence akanyamaza. Mashine ikaanza kunguruma, na kimya cha mtani kikawa kibaya kuliko dari. Wendelini alibonyeza kipira kama anayekamua ndimu. Walipomtoa alikuwa ameloa, ameshateremsha mguu mmoja akitafuta sandali.

"Nimeshindwa," alisema. "Nisameheni. Nimeshindwa kweli."

Valence alimtazama, akamgeukia Saada. "Binti yangu, mashine hii inanguruma kwa mafungu, au siyo? Inanguruma, inanyamaza, inaanza tena?"

"Ndiyo, baba."

"Basi kabla ya kila fungu nimtupie neno moja tu. Asicheke, asijibu mpaka inyamaze."

Saada alifikiri. "Mkiniharibia tena, nawatoa wote wawili."

Kitanda kikaingia. Valence akainama. "Mngoni! Humo ndani umekuwa panya buku shimoni. Ndugu zako wakipita hapa, watakuja na majembe!"

Mashine ikanguruma. Wendelini akaziba kicheko kwa meno, akaanza kutafuta jibu. Akalipata moja, akalitupa, halina makali. Akapata jingine. Alikuwa bado analinoa mashine iliponyamaza.

"Heri mimi panya!" akapaza sauti. "Wewe, mbwa wa Bombambili wakikuona, wanahama mtaa!"

Saada alisikika akicheka kwenye kipaza sauti. Fungu la pili, Valence akauliza kama aagize jeneza la ukubwa huu au pana zaidi. Jibu lilikuwa tayari mapema mno, Wendelini akasubiri kelele ziishe kwa hamu: "Mimi nimelala humu kwa amri ya daktari! Wewe ulilala mtaroni kwa amri ya ulanzi!"

"La mwisho hili, wazee wangu," Saada akasema. "Ni refu kuliko yote."

Wendelini akangoja. Ule mkono ukazidi kuubana mguu.

"Tukana basi, wewe!"

"Wende," Valence akasema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Usinifie, ndugu yangu."

Mashine ikaanza. Wendelini alitafuta jibu kila mahali, hakuliona. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, asiweze kuyafuta maana ameambiwa asitikisike. Dari alilisahau kabisa.

"Mashallah," Saada alisema walipomtoa. "Hii ndiyo picha nzuri kuliko zote."

Nje, Valence alikuwa anajifuta macho kwa tepu yake. "Haya, jibu."

"Sina."

"Ameshindwa! Mngoni ameshindwa!"

"Bado natafuta," Wendelini akasema.

Bombambili nzima ilipata habari. Mpaka anaenda kupasuliwa mgongo, wateja walimuuliza kama jibu limepatikana. Alipozinduka wodini, dirisha lilikuwa wazi. Anjelika alikuwa amelipigania na manesi. Valence alisimama miguuni pa kitanda, akanyoosha mkono, akaufinya mguu wa kulia.

"Acha, Mhehe! Unaniumiza!"

Wote watatu wakautazama mguu. Anjelika akafunika mdomo kwa kanga.

"Na jibu lako nimelipata," Wendelini akasema, sauti bado nzito ya dawa. "Siwezi kufa kabla yako. Nikitangulia mimi, msibani kwako nani atakoroma?"

Valence akaushika tena mguu ule, safari hii taratibu. Mpaka leo hajajibu.