Rejeta Zilizoniogopa

Hadi leo nikikumbuka mchana ule huweka chini nilichoshika, na mimi si mtu wa kuacha kazi kirahisi.

Mke wangu alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza, rejeta za nyumba nzima, yale mabati ya ukutani yanayopasha vyumba joto, zilipogoma kupata moto. Ilikuwa Januari, katikati ya baridi kali, hapa ughaibuni Hounslow, na kazi yangu ndiyo hiyohiyo: natengeneza mitambo ya maji moto na ya joto katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Wageni nisiowajua wanalala vyumba vyenye joto kwa kazi ya mikono yangu, halafu mwanangu mwenyewe alale na kofia kichwani. Nilikasirika kama vile boila langu la kuchemshia maji limenitukana.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwangalia mwanawe mpaka atimize arubaini. Yeye, mke wangu na mtoto walikaa chumbani juu, mimi nikahamia kwenye kochi chini. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa mbali. Sikuwahi kumwona kichwa wazi, naye hakuwahi kunitazama usoni. Akisema nami hutazama mlango. Nikitaka kupanda juu nilipiga hodi nikiwa chini ya ngazi, kisha nikangoja. Nilisikia pilikapilika, vitu vikiondolewa, mlango wa chumba ukifungwa, ndipo sauti yake ikaja: karibu, baba. Nikifika juu nilikuta ujia mtupu, imebaki harufu ya udi tu. Niliipenda sana harufu ile.

Nilianza kwa utaratibu, kama ninavyowafundisha wenzangu kazini. Maji ya kuoga yalikuwa moto, kwa hiyo boila halikuwa na neno. Tatizo lilikuwa kwenye nyaya au kwenye themostati, kile kidude kilicho ukutani kwenye ujia wa juu. Chenyewe kikihisi baridi hupeleka umeme kwenye valvu, valvu hufunguka, na maji moto huanza kuzunguka kwenye rejeta. Nilizima umeme nikafungua boksi la nyaya kabatini, nikabaki mdomo wazi. Nyaya nyekundu na nyeusi za zamani zilikuwa zimeungwa na za kahawia na bluu za siku hizi, nyingine zimeviringishwa utepe tu, kwa namna ambayo mtu akiifanya kwangu kazini namwondoa bila kumuuliza mara mbili. Nilimtusi fundi aliyenitangulia, kimoyomoyo kwa sababu ya mkwe.

Nilipowasha tena ili nipime, kipimio changu cha umeme kikaishiwa betri. Ukutani juu ya ngazi kulikuwa na kengele ya gesi ya sumu, ile inayolia moshi usioonekana wa boila bovu au wa makaa ukizidi ndani. Nikachomoa betri zake mbili nikazitia kwenye kipimio. Nikajiambia nitazirudisha jioni.

Waya wa kutoka kwenye themostati haukuwa na umeme. Nikaona nimeipata hitilafu. Lakini nikiwa bado nauangalia, tak, umeme ukaja, valvu ikafunguka, na baada ya nusu saa rejeta zote zilikuwa moto. Nilinunua themostati mpya nikaifunga jioni hiyohiyo, nikalala nimeridhika na nafsi yangu. Kesho yake saa tano asubuhi, niko kazini, mke wangu akapiga simu kusema rejeta zimekuwa baridi kama barafu.

Ikawa hivyo siku nne. Nikirudi jioni, nikapiga hodi, nikapanda, nikapima, rejeta zinaamka. Nikienda kazini zinakufa. Hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inayomchosha fundi kuliko zote, maana haikai ikakamatwa. Nilibadilisha valvu. Nilifungua mbao za sakafu sebuleni nikafuata waya kwa vidole hadi ukutani. Mke wangu akanitania kwa simu kwamba rejeta zinaniogopa mimi tu, lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na alisema kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Nikamwambia ni usingizi. Mtoto hamlazi mtu.

Siku ya tano nikaomba ruhusa nitoke mapema. Nilikuwa nimeamua kuivizia hitilafu ile ikiwa kazini. Nilifungua mlango taratibu, nikavua viatu, na kwa mara ya kwanza tangu mkwe aingie nyumbani kwangu, nikapanda ngazi bila hodi.

Chini ya themostati, juu ya kimeza, kulikuwa na chetezo cha umeme cha kufukizia udi, kinawaka, na nguo za mtoto zimetandazwa kukizunguka. Nikagusa themostati, ilikuwa na joto la kikombe cha chai. Nilicheka kimoyomoyo, na aibu ikanishika. Mama wa watu alikuwa anafukiza na kukausha nguo za mjukuu wake hapo kutwa, themostati inadhani nyumba nzima ni Tanga, inazima joto. Na kadiri nyumba ilivyozidi kuwa baridi ndivyo nguo zilivyokawia kukauka, ndivyo chetezo kilivyoachwa kinawaka. Kila nilipopiga hodi alikiondoa kwa heshima yangu. Ile hodi yangu ndiyo iliyokuwa inaficha ugonjwa.

Nikakizima chetezo nikakiweka chini. Kipimio sikukihitaji tena, basi nikachomoa zile betri nikazirudisha kwenye kengele, nikasimama nikingoja themostati ipoe. Chumbani kimya. Nikafikiri wamelala. Dakika chache zikapita, tak ikaja, valvu ikafunguka kabatini, nikatabasamu peke yangu. Hapo ndipo kengele ikalia.

Nilidhani imeharibika. Kisha nikaona ncha ya taulo ikichungulia chini ya mlango wa chumba, limesokotwa na kusukumizwa kwa ndani.

Nilisukuma mlango bila hodi. Kando ya kitanda kulikuwa na sufuria kuukuu imejaa makaa mekundu yasiyo na moshi wala harufu, dirisha limefungwa. Mkwe wangu alikuwa ameegemea ukuta, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesukwa mabutu mawili. Mke wangu alifungua macho akayafumba tena. Mtoto alikuwa kifuani pake, mwekundu mashavuni, na hakulia hata kwa kelele ile. Nilimnyakua. Sijui nilimwamshaje mke wangu. Najua nilimvuta mkwe wangu kwa mkono, mkono ambao sikuwahi kuushika, na tukajikuta sote nje kwenye baridi, yeye na kanga moja, mimi na soksi. Mtoto akakohoa, akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Hospitalini waliwavalisha wote watatu vifuniko vya hewa usoni, na jioni daktari akasema mtoto atakuwa salama, ila tungechelewa kidogo zaidi asingepona. Sikumwelewa mara ya kwanza. Ilibidi arudie.

Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, ameazimwa shuka la hospitali kujifunika kichwa. Alieleza akitazama mlango, kama kawaida yake. Makaa aliyawasha jikoni kwenye jiko la gesi akayapandisha chumbani, siku mbili mfululizo, maana mzazi hakai kwenye baridi.

"Niliona unahangaika na zile nyaya kila siku, baba," akasema. "Nikasema nisikuongezee mzigo. Nusura nimuue mjukuu wangu kwa mikono yangu."

Akarudia maneno hayo, na mke wangu akamshika mkono amnyamazishe. Kisha mke wangu akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu.

"Mbona ile kengele haikulia jana?"

Ningeweza kusema imezeeka. Wote wawili wangeniamini, mimi ndiye fundi. Na mama yule angerudi Tanga na mzigo ule peke yake hadi kaburini.

"Betri nilizitoa mimi," nikasema. "Zilikuwa kwenye kipimio changu siku zote hizi."

 Mkwe wangu aliacha kutazama mlango, akanitazama mimi, usoni kabisa, kwa mara ya kwanza.