Karatasi Iliyomhesabia Mama Yangu Siku

Mwaka ule baridi ya Julai ilikuja Nairobi na mafua ya namna ambayo hatukuwa tumeyazoea. Pale Kawangware 46, nilipokuwa na kibanda changu cha cherehani, wateja walikuja kupimwa nguo huku wamegeuza uso kando wakikohoa. Wengi walilala siku tatu nne, wakanywa chai ya tangawizi, wakarudi kazini. Mama yangu hakurudi.

Yeye alikuwa akiishi Kibera, Kisumu Ndogo, chumba kimoja nyuma ya kanisa, na aliuza omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Wateja walimsikia kabla ya kumwona. Basi jirani yake alipokuja mpaka kibandani kwangu kuniambia kwamba meza ya mama imekaa tupu siku mbili, niliacha kitambaa kwenye mashine na sindano ikiwa bado imekichoma. Hata wiki aliyomzika baba, meza ile haikukaa tupu siku mbili.

Nilimkuta ameketi kitandani, mgongo umeegemea mabati, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka mbioni. Kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu. Alitaka kunigombeza kwa kuacha kazi lakini pumzi haikufika mwisho wa sentensi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi na jirani yule tulimpeleka hospitali. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa wagonjwa wa kifua, vitanda vimebanana, wengine wamelala wawili wawili. Karibu na meza ya manesi palikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni wenye mipira miwili ya kupitishia hewa. Mama aliwekwa kitanda cha nne kutoka mtungi ule, pamoja na mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi huko kwetu Kawangware. Mwalimu alikuwa mcheshi. Aliniambia, "Usijali, nitamchunga mamako. Akilala sana nitampa mtihani."

Siku ya pili nilipoingia saa ya mchana ya kuona wagonjwa, mama hakuwa pale. Nilimpata mwisho kabisa wa wodi, karibu na mlango wa nyuma, kitanda peke yake. Kitanda cha peke yake katika wodi ile hakikuwa heshima.

"Sista, mbona amehamishwa?" nilimuuliza nesi.

Hakuniangalia. "Ongea na daktari."

Daktari alikuwa kijana, labda alinizidi miaka mitatu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniketisha kwenye benchi ya korido akaniambia mambo kwa upole, na nadhani huo upole ndio ulioniudhi zaidi. Alisema kirusi cha mafua kimeshuka mpaka kwenye mapafu ya mama. Hakukuwa na dawa ya kukiua. Walichoweza ni kumpa maji, kumpa hewa, na kungoja mwili ushinde wenyewe. Ila hewa ilikuwa mtungi mmoja, na wagonjwa walikuwa wengi.

"Kwa hivyo mnachagua," nikasema.

"Tunajaribu kujua hewa itamsaidia nani." Alitoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa na mistari minne: umri kama umepita sitini na tano, pumzi kwa dakika, presha, na kama mgonjwa akili yake iko sawa. Kila mstari ukiwa mbaya, mgonjwa anapata alama moja. Mama alikuwa na alama tatu. Presha tu ndiyo iliyokuwa nzuri.

"Wenye alama tatu," akasema, "wengi hawatoki. Pole sana. Waambie watu wa nyumbani."

Watu wa nyumbani walikuwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, soja wa kulinda lango, aliyekaa Soweto ya hapa Nairobi, upande wa mashariki. Alikuwa tayari amesimama kando ya kitanda cha mama nilipotoka korido, kofia mkononi. Nikamweleza. Akamtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mamako ni mrefu kiasi gani, akinyooka?"

Nilielewa. Kulikuwa na fundi wa majeneza njiani kwake.

"Mjomba," nikamwambia, "ukimpima, mimi na wewe tumekosana mpaka kufa kwetu."

"Nyathina, mwanangu, tujipange mapema. Safari ya nyumbani ni ndefu."

"Hakuna safari."

Nilisema hivyo bila kuwa na chochote mkononi. Sikuwa daktari. Nilikuwa mtu wa kushona sketi za shule. Lakini ile karatasi ilikuwa imenikaa kichwani, na kadiri nilivyoirudia ndivyo kitu kimoja kilivyozidi kunikera. Akili haiko sawa? Mama yangu?

Niliinama sikioni mwake nikamuuliza kwa Kijaluo kama daktari alimuuliza maswali. Akafungua macho. Kwa vipande vipande, akivuta hewa kati ya maneno, akanieleza kwamba kijana mmoja aliyefunika mdomo kwa kitambaa alimuuliza kwa Kiswahili cha redio yuko wapi. "Nikamwambia, niko mahali mliponiweka." Akapumzika. "Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni siku ya lori."

"Ulimjibu kwa lugha gani?"

Alinikazia macho. "Yangu."

Nilitamani kucheka na kulia. Kiswahili cha sokoni mama alikijua, cha kuuza na cha kugombana. Lakini homa ikipanda mtu hurudi lugha ya kwao, na jioni ile aliyolazwa hakukuwa na nesi wala daktari aliyeielewa. Na siku aliyoulizwa ilikuwa Jumanne. Lori la omena kutoka ziwani lilifika Kibera kila Jumanne. Alikuwa amejibu sawasawa, tena kwa sentensi fupi kuliko yoyote niliyowahi kumsikia akisema, wakaandika kwamba amechanganyikiwa.

Halafu nikafikiria mstari wa umri. Kwenye faili waliandika miaka sitini na minane, kutoka kwenye kipande chake, yaani kitambulisho. Nikamgeukia mjomba.

"Wewe una miaka mingapi kwenye kipande?"

"Hamsini na tisa. Kwa nini?"

"Na nani mkubwa kati yako na mama?"

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Nilimbeba mgongoni huyu. Nilimfunza kuchota maji."

"Basi kwa serikali wewe ni mdogo wake kwa miaka tisa."

Mama alikuwa amechukua kipande miezi michache baada ya kifo cha baba, kichwa kimenyolewa kwa matanga, mashavu yameingia ndani. Hakujua mwaka aliozaliwa. Karani alimtazama mara moja akaandika alichokiona. Tulizoea kumtania kwa hilo nyumbani. Sasa kalamu ya karani yule ilikuwa imemsogeza mpaka mlango wa nyuma.

Mjomba alitaka kurudi kazini. Nilimshika mkono wa koti. "Huendi popote. Wewe ndiye ushahidi."

Tulimngoja daktari kwenye korido ile mpaka saa kumi na moja jioni. Mara mbili askari wa mlangoni alitufukuza, mara mbili tukarudi. Daktari alipotokea nilisimama mbele yake, na sikuongea kwa upole.

"Umempa mama yangu alama tatu. Mbili ni za uongo."

"Madam, hiyo karatasi si mimi niliyeitunga."

"Lakini wewe ndiye uliyeijaza."

Nilimwonyesha kipande cha mama, kisha cha mjomba. Mjomba alisimama wima kama yuko kazini akasema, "Mimi ndiye mkubwa, daktari. Hata kadi yangu ya ubatizo iko." Kisha nikamwambia kuhusu lori. Nikamwambia arudi amuulize tena, mimi nikitafsiri, na kama mama atakosea jibu moja, nitaenda mwenyewe kwa fundi wa majeneza.

Angeweza kuniitia askari. Wengi wangefanya hivyo. Aliangalia vile vipande viwili, halafu akasema, "Twende."

Alimuuliza jina lake. Akasema lote, pamoja na la baba yake na la babu yake. Alimuuliza yuko wapi. Akasema yuko hospitali, kwenye mlango wenye upepo, na nani aliyemweka kwenye upepo mtu mwenye kifua? Nikatafsiri neno kwa neno. Nesi aliyekuwa karibu akaziba mdomo. Daktari akauliza leo ni siku gani.

"Mwambie," mama akasema, akihema, "lori lilikuja jana. Mzigo wangu wamechukua watu wengine."

Ilikuwa Jumatano.

Daktari alitoa kalamu, akakata mstari mmoja, akakata mwingine. Ikabaki alama moja, ya pumzi. Jioni ileile mama alirudishwa karibu na mtungi, kitanda kilekile na mwalimu, na mgonjwa mmoja alipotolewa mpira, yeye akawekewa.

Kuanzia hapo sikuiamini wodi tena. Nesi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amechoka na maswali yangu, alinifundisha kuhesabu pumzi: unaweka saa mbele yako, unatazama kifua kikipanda, dakika nzima, bila mgonjwa kujua. Nilinunua daftari la shule. Siku ya kwanza arobaini na moja. Siku iliyofuata thelathini na nane. Kisha arobaini tena, nikatembea mpaka chooni nikalia humo nikiwa nimejifungia. Siku ya tano, thelathini na mbili. Siku ya saba mama aliniambia mikono yangu inanuka mafuta ya cherehani, na kwamba chai ya pale ni maji ya kuosha vikombe. Nilihesabu: ishirini na sita.

Mwalimu alikuwa hana alama hata moja. Alikuwa mdogo, presha nzuri, akili kama wembe. Yeye ndiye aliyenisaidia kuchora mistari kwenye daftari. "Fundi anajua kupima vitambaa lakini hajui kuchora jedwali," alinitania. Daktari alikuwa amemwambia mumewe, mimi nikisikia, kwamba huyu atatoka kabla ya wiki kuisha.

Siku ya nane asubuhi homa yake ilipanda. Mchana nilipofika alikuwa haongei. Walimwekea mpira wa pili. Nilihesabu pumzi zake bila kuombwa, na nilipofika hamsini niliacha kuhesabu nikaenda kumwita daktari kwa kukimbia. Naye akaja mbio. Alifanya aliyoweza, nilimwona akiyafanya. Mwalimu alifariki kabla ya saa ya kuona wagonjwa kuisha, mama yangu akiwa ameketi upande wa miguuni pake, amemshika kisigino kwa sababu ndicho alichoweza kukifikia.

Mumewe alikuja kuchukua vitu vyake. Vilikuwa vichache: leso, kandambili, kitabu cha nyimbo za kanisa. Nilimsaidia kukunja leso.

"Daktari alisema atatoka," aliniambia. "Si ulikuwepo? Si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi alikuwa anasoma nini?"

Niliendelea kukunja leso. Nilikuwa nimeipinga karatasi ile kwa nguvu zangu zote, lakini nilikuwa nimeipinga kwa kuifanya ituunge mkono. Nilipopata alama moja badala ya tatu nilishangilia kama mtu aliyeshinda kesi. Mwalimu hakuwa na alama, na leso yake ilikuwa mikononi mwangu.

Nilimkuta daktari korido akiwa peke yake ameegemea ukuta, nikamwambia yote hayo, na sikuyapamba. Hakujitetea. Alisema karatasi inajua watu mia, haimjui mtu mmoja. Nikamwambia kwamba kitandani hawajawahi kulala watu mia. Akasema anajua. Kisha akaniuliza kama ningeweza kuja kesho mapema kidogo, kwa sababu walikuwa wameletewa bibi mmoja kutoka Kisumu Ndogo aliyekuwa hajibu maswali, na yeye hakutaka kuandika kitu kabla hajasikia.

Nilikwenda. Nilikwenda kesho yake na wiki nzima iliyofuata, na nilikuwa nikigomba na kila mtu. Nilikataa mgonjwa aulizwe mwaka kama hajasoma. Nilikataa jina la rais litumike kupima akili ya mwanamke ambaye rais hajawahi kumfanyia lolote. Nesi mtu mzima aliniita "bosi" kwa kejeli, kisha akaanza kuniita hivyo bila kejeli. Bibi yule wa Kisumu Ndogo alijibu yote sawa, akafa siku ya tatu. Mwingine ambaye alikosea yote alitoka akitembea. Nilimwandika kila mmoja kwenye daftari langu, pumzi zake na jinsi mambo yalivyokwisha, na sikupata mpangilio wowote ambao ningeweza kuuita sheria. Nilichoona ni kwamba mtu anayetazamwa huonekana mapema akianza kuzama.

Mama aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya wiki tatu. Alikuwa amekonda mpaka gauni lake nililipeleka kibandani kulipunguza pande zote mbili. Daktari alikuja kumuaga akamuuliza, safari hii kwa Kiswahili chepesi, akiongea taratibu, "Mama, ulijua utapona?"

Sauti ya mama ilikuwa imeanza kurudi.

"Sikujua," akamjibu. "Nilikuwa na kazi. Nilikuwa napumua."

Mapafu yake hayakuwa yale ya zamani tena. Akipanda kuelekea kanisani alisimama mara mbili, akijifanya anasalimia watu. Lakini wiki ya sita alikuwa sokoni, na aliuza omena kwa miaka tisa zaidi.