Ndoo ya Meza ya Nne

Profesa akishika kisu kuonyesha mishipa ya shingo, wanafunzi wote hukodoa macho. Mhudumu wa chumba hiki cha kupasulia maiti hana habari. Yeye na ndoo zake tu. Kila maiti ina ndoo yake chini ya meza, na kila kinachokatwa, hata mafuta kiasi cha punje, lazima kiingie humo. Leo binti wa meza ya nne alitupa kipande cha ngozi kwenye ndoo ya jirani. Mhudumu akapiga magoti, akakisaka kimya kimya mpaka akakipata.

“Ni ngozi tu, mzee,” binti akasema, uso umemshuka.

“Ni ya mama wa watu, mwanangu. Mkimaliza kumsomea, watoto wake wanamzika mwezi ujao, na kila kipande chake.”

Binti akazitazama glavu zake. Kwenye kidole gumba ilikuwa imenata chembe ya mafuta. Akaikwangua taratibu, akaidondosha kwenye ndoo ya nne.