Kitenzi cha Kwenda

Mwaka wa 1986, Idah alitimiza mwezi wa tano bila kwenda kwao Magarini. Hakufungiwa lango. Alimtunza Mzee Etieni, Mfaransa aliyefundisha Kilatini maisha yake yote, akastaafu Malindi, kisha akapooza kuanzia kiunoni. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, mgongo ulichubuka. Muuguzi aliyekuwa akipokezana na Idah alikuwa ameacha kazi, na binti wa mzee, kutoka Ufaransa, aliandika kila mara kwamba mwingine anatafutwa.

Asubuhi moja mlinzi, Kitsao, alirudi kutoka Magarini. "Dada Idah, nimepita kwa mamako. Kadzo anatembea!"

Idah alikuwa amemwacha bintiye huyo akitambaa. Alimwosha mzee, kisha akauliza, "Mzee, kwa Kifaransa 'kwenda' mwasemaje?"

Macho ya mzee yaling'aa. "Aller. Lakini 'naenda' ni je vais, na 'nitakwenda' ni j'irai. Hiyo vais imetoka kwa Kilatini vadere. Irai imetoka kwa ire. Aller yenyewe, wengi husema ni ambulare, kutembea, ingawa wataalamu bado wanabishana. Vitenzi vitatu tumevishona, vikawa kimoja."

"Hicho cha 'nitakwenda' nimekisema miezi mitano," Idah alisema. "Leo nataka kile kingine. Je vais."

Mzee akauliza, "Na mimi nani atanigeuza?"

Idah alikwenda hadi mlangoni, akashika kitasa. Alisimama hapo kitambo. Kisha akarudi, akamgeuza.

Jumapili Kitsao alimleta mamake Idah pamoja na mtoto. Kadzo aliingia akipepesuka. Idah akapiga magoti, akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama, akageuka, akang'ang'ania leso ya bibi yake. "Hawe," alimwita bibi, akificha uso.

"Atakuzoea," mama alisema. "Njoo nyumbani, mwanangu."

"Nitakuja, mama."

Walipoondoka Kadzo hakulia, na hilo ndilo lililomchoma Idah zaidi. Mzee alikuwa ameona yote kutoka kitandani.

"Lete karatasi," alimwambia. Akamwandikia binti yake mistari minne tu, akamsomea Idah kwa Kiswahili: asiyeleta muuguzi aje amgeuze babake mwenyewe.

Muuguzi alifika baada ya wiki saba. Idah akarudi kwao, na zikapita siku kumi na moja kabla Kadzo hajakubali kubebwa naye.