Nyumba Isiyo na Kuta

Mnicheke tu, nimezoea. Nazikumbuka kwa hamu enzi zile miwa inalipa na Kakamega nzima inanukia molasi. Ofisi yetu ndogo ya kuchora ramani za nyumba ilituzwa kwa nyumba ya kisasa ya mkulima wa Iguhu. Ndani sikuweka kuta: ukifungua mlango unaiona yote, hadi chumba cha kulala.

Siku ya sherehe ya tuzo, iliyofanyika mle mle nyumbani, mama mkwe wa mkulima akapiga hodi. Nikamfungulia kwa madaha, ngao ya ushindi mkononi. Kwetu mama mkwe humpisha mkwewe kwa heshima hata njiani, na huyu sasa anatazamana na kitanda cha mkwewe! Akajifunika leso usoni, akageuka mbio.

Mkulima akaniuliza polepole, "Bwana ramani, kwani bibi yako hana mama?"