Tiki Tatu za Mnara wa Mountain View

Kuna siku moja hunirudia kila ninapomwona kijana akijifunga mkanda wa kupandia mnara. Nitakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kutunza mitambo ya intaneti na Jumatatu unaanza. Keti basi. Chai ipo kwenye chupa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazini waliniita Ndunge tu, bila "Mama" mbele yake. Nilikuwa nimetoka chuoni na kuajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa na ofisi mtaa wa Ngara, juu ya duka la jumla la vyombo vya plastiki. Tulisambaza intaneti isiyo na waya: dishi moja kwenye mnara, jingine kwenye paa la mteja, na mawimbi yakipita katikati bila mtu kuyaona. Mafundi tulikuwa saba, na msichana nilikuwa mimi peke yangu. Shika hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Alipanda minara kwa miaka mingi kabla yangu. Siku niliyoajiriwa, wenzangu walinong'onezana kwamba msichana huyu hatamaliza mwezi. Nilisikia. Nikaapa moyoni kwamba hakuna atakayeniona nikiogopa.

Basi, tulikuwa na mteja mtaa wa Kabiria, zahanati ya kina mama iliyosimamiwa na muuguzi aliyeitwa Sista Rose. Majibu ya vipimo vyao yalitoka maabara moja ya Ngara, yakija kwa mtandao. Asubuhi mtandao ulikuwa mzuri. Saa nane mchana ikifika, ulianza kukatika, ukirudi dakika mbili, ukipotea kumi. Kutoka pale zahanati, mawimbi yalielekea kwenye mnara wetu uliokuwa mtaa wa Mountain View, karibu na barabara kuu ya Waiyaki Way. Nikatumwa nikaukague.

Dereva alibaki garini na gazeti lake. Nikapanda. Nilifika kwenye taa nyekundu ya kwanza, katikati ya mnara, nikafanya kosa la kutazama chini. Magari ya barabarani yalikuwa madogo mno, na upepo ulikuwa ukiutikisa mnara kidogo. Vidole vilikataa kuachia chuma. Sijui nilikaa pale muda gani. Najua tu kwamba nilipopata nguvu ya kusogea, nilisogea kuelekea chini.

Dereva hakuinua macho. Ndipo wazo likanijia kwamba hakuna aliyeona. Nikachukua fomu ya ukaguzi, nikaiweka juu ya boneti ya gari. Ngazi ni salama hadi juu: nikatia tiki. Dishi limekazwa: tiki. Kebo na viungo vyake viko sawa: tiki. Nikaweka sahihi.

Ofisini waliiamini ile karatasi. Na kwa kuwa mnara ulikuwa "sawa", basi tatizo lilikuwa Kabiria. Nikabadilisha redio, kile kifaa cha kupokea mawimbi, iliyokuwa kwenye paa la zahanati. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha kifaa cha ndani. Saa nane ikifika, mtandao ulianza kukatika vilevile. Sista Rose alinipigia kila siku. Hakuwahi kunifokea, na afadhali angenifokea.

"Ndunge, leo tena."

"Tunalishughulikia, Sista."

"Nina mama hapa anangoja majibu ya damu tangu jana. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, mwanangu. Kitu kinachoharibika mchana tu, wakati ambao upepo huamka, kiko mahali penye upepo. Nilijua dishi la juu huenda limelegea. Lakini kulisema hilo kungekuwa kusema kwamba sikulifikia. Nikanyamaza. Simu ikilia, niliiacha iite kwanza kabla sijatazama ni nani.

Wiki ya pili Mzee Wafula akasema, "Hebu twende mnarani wote wawili. Macho mawili ya ziada hayadhuru."

Tulifika Mountain View saa saba na nusu. Akajifunga mkanda, akavaa kofia, akaitoa ile fomu yangu mfukoni na kuisoma tena.

"Ngazi uliangalia mpaka juu?"

"Ndio, Mzee."

"Basi sawa. Kaa na laptopu, unisomee nguvu ya mawimbi nikiwa huko."

Akaanza kupanda. Alipanda haraka, kama mtu anayepita njia iliyokwisha kusafishwa. Ndivyo nilivyomwambia katika karatasi, kwamba njia ni safi. Nilimtazama akihamisha kulabu za mkanda wake, moja baada ya nyingine. Akaipita taa nyekundu. Kuanzia hapo kila ngazi aliyokanyaga ilikuwa ngazi nisiyoijua. Nilijiambia, mnara ni imara, atashuka, hakuna kitakachotokea. Kisha nikamwona akinyoosha mguu kuelekea ngazi nyingine, na upepo ukavuma, na nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kusema.

"Mzee, simama! Sikufika huko."

Akasimama. Pale chini nilisikia lori likipita barabarani hadi likatoweka.

"Uliishia wapi?"

"Kwenye taa."

Nilidhani atashuka. Badala yake alikumbatia nguzo ya mnara, akabadilisha mahali pa kulabu zake, kisha akaendelea polepole mno, akijaribu kila ngazi kwa mkono kabla ya kuikanyaga. Ngazi mbili chini ya dishi, moja iligeuka mkononi mwake. Bolti yake ya upande mmoja haikuwapo. Aliruka ile, akajifunga kwenye nguzo, akalifikia dishi. Kishikio chake kilikuwa kimelegea hivi kwamba alilisukuma kwa vidole likayumba.

"Nisomee," akaniita.

Nikamsomea namba. Akalisogeza dishi kidogo kidogo, akalikaza, nikamsomea tena mpaka mawimbi yakatulia. Saa nane ikafika, ikapita. Upepo uliendelea kuvuma na namba hazikusogea.

Aliposhuka alikaa chini kwenye changarawe bila kuvua kofia. Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sikiza, binti. Kuogopa si kosa. Hata mimi kuna minara nimeikataa. Ungerudi ukaniambia, 'Mzee, imenishinda,' ningepanda mimi siku hiyohiyo, na ningepanda nikijua sijui. Woga wako haungeniumiza. Hiyo karatasi yako ndiyo ingeniua."

Akainuka, akapangusa suruali.

"Mambo ya ofisi nitaongea nao. Wewe nenda Kabiria, umwambie Sista mwenyewe. Usimpigie simu."

Nilikwenda. Sista Rose alikuwa akipanga faili, akanisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Kisha akaniambia kuhusu yule mama aliyekuwa akingoja majibu. Alikuwa na mimba ya miezi minane na homa. Majibu yalipokosa kufika, walimtuma Ngara akayachukue mwenyewe kwenye karatasi. Alianguka akiwa kwenye foleni ya maabara, wakamwinua watu asiowajua.

"Amejifungua juzi," Sista akasema. "Wako salama wote wawili."

Nikashusha pumzi. Sista akaiona.

"Sijakuambia ili upumue," akasema. "Nimekuambia ili ujue kulikuwa na mtu."

Nilipewa barua ya onyo na nikaondolewa minarani miezi mitatu. Niliporudi, Mzee Wafula alipanda nami, yeye mbele, mimi nyuma, na nilipokwama nilisema, "Mzee, nimekwama." Tukangoja. Hakuna aliyecheka. Siku hiyo nilifika juu.

Mwanangu, kazi unayoiendea imejaa mambo yasiyoonekana. Mtandao utakatika na watu kumi watakupa sababu kumi. Wewe anza na unachokijua kwa macho na mikono yako, na pale usipofika, andika kwamba hukufika. Neno "sijaangalia" litakuaibisha kwa dakika moja. Neno "nimeangalia," ikiwa si kweli, litawapoteza wenzako wiki nzima, na mtu atalikanyaga akidhani ni chuma. Ukishakosea, sema mapema, usingoje mtu awe juu kama nilivyongoja mimi. Na vijana wako wa kesho wakikuambia wanaogopa, usiwacheke, maana kicheko ndicho hufundisha watu kuficha.

Nenda salama. Mungu akushike mikono huko juu na akuzungushie watu wa kweli huko chini. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri na moyo usioona haya kuuliza. Na kila unapopanda, mwanangu, akurudishe ardhini ukiwa mzima, jioni kwa jioni, hadi uzeeke.