Pedi za Mbio

Fundi breki aliyeitwa Mama Pedi alikuwa na ulimi mkali kama msumeno, na wateja walimvumilia kwa sababu magari aliyoyashika yalisimama. Siku moja asubuhi akaja daktari wa meno na gari lake la spoti. Siku za kazi humpeleka binti yake shule kwa gari hilo, na Jumapili hushindana nalo uwanjani.

"Nifungie pedi za breki za mbio, mama."

"Hizo hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Chukua hizi za kati, zinashika zikiwa baridi na uwanjani hazikuangushi."

"Anayelipa ni mimi."

"Na anayefunga ni mimi. Sifungi ng'o!"

Akamtupia ufunguo wa gari lake kuukuu, lililolala nje kwenye baridi usiku kucha likiwa na pedi za mbio. "Shuka nalo huo mteremko wa gereji, ukanyage breki pale chini."

Daktari akakanyaga kwa nguvu zake zote. Gari likaendelea kushuka kama halikuambiwa kitu, likajikita kwenye lundo la matairi chakavu. Akarudi ametota jasho.

"Matairi yale nimewapangia wabishi kama wewe," alisema Mama Pedi. "Pale getini shuleni kwa binti yako, wamepanga nini?"